Injini inapanda resi lakini gari halivuti: nianze na giaboksi au injini?

Mkazi wa Kimara:

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wenu kabla sijaingia gharama ambayo siwezi kuirudia.

Ninatumia gari dogo la abiria watano, injini ya petroli ya cc 1,500 yenye silinda nne, gia otomatiki ya hatua nne, lililoingia nchini likiwa limekwishatumika Japani. Halikuwahi kunisumbua kwa upande wa mwendo, lakini sasa limepoteza nguvu. Nikilisimamisha nikakanyaga mafuta, injini inapanda resi na mlio wake ni mzuri. Nikiweka D na kuondoka, linaondoka kwa uvivu, na ninapokanyaga zaidi ili nilipite lori, sauti inaongezeka lakini mwendo hauongezeki. Katika sehemu tambarare za barabara ya Morogoro linafika kilomita 80 kwa saa baada ya kusubiri sana. Nilipokwenda Iringa hivi karibuni nilipanda mlima Kitonga nyuma ya malori yenye mizigo, nimekanyaga hadi mwisho, na malori hayo yakaniacha.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na kichujio cha hewa, hali ikabaki ileile. Wa pili aliliendesha kidogo akasema giaboksi imekwisha, klachi za ndani zinateleza, na kwamba nikatafute giaboksi ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam. Naongeza jambo moja ambalo sijui kama linahusika: kabla ya haya yote taa ya injini iliwahi kuwaka kwenye dashibodi, tena kwa kumetameta, injini ikitetemeka. Ilifutwa kwa mashine nikaambiwa niendelee na safari zangu. Tangu wakati huo gari pia linakula mafuta kuliko zamani.

Swali langu ni hili: nitatambuaje kwa uhakika kama ugonjwa uko kwenye giaboksi au kwenye injini, kabla ya kutoa fedha?


Fundi wa Otomatiki, Arusha:

Mkuu, usinunue giaboksi bado. Maelezo yako hayatoshi kuihukumu, na giaboksi ya mtumba yenyewe ni bahati nasibu kwa sababu hakuna anayejua ilitunzwaje huko ilikotoka.

Jambo la kwanza ni kuacha kusikiliza sauti na kuangalia mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) pamoja na mshale wa mwendo kwa wakati mmoja. Mtafute mtu wa kukaa kiti cha abiria akusomee, wewe uangalie barabara. Gari likiwa limeshika gia fulani, magurudumu na injini vimefungamana, kwa hiyo mishale hiyo miwili lazima ipande pamoja. Klachi za giaboksi zikiteleza, mshale wa resi utaruka, tuseme kutoka 2,500 hadi 4,500, huku mwendo ukiwa palepale, na ukiachia mafuta kidogo resi inashuka ghafla na gari linashika tena. Hapo injini ina nguvu lakini nguvu hiyo haifiki kwenye matairi. Kinyume chake, kama injini yenyewe ndiyo dhaifu, mshale wa resi hautaruka: utabaki pale ulipo au utapanda kwa kujikongoja sawasawa na mwendo, hata kama sauti inayotoka chini ya boneti ni kubwa. Dereva akiwa ndani huona hali hizi mbili kuwa ni kitu kimoja, ndiyo maana giaboksi nyingi nzima hushushwa bila sababu.

Kuna mambo mawili ambayo ni ya kawaida na hayapaswi kukutisha. Ukikanyaga ghafla hadi mwisho, giaboksi otomatiki hushuka gia moja, na resi zitaruka mara moja kisha zitulie. Hiyo ni kazi yake. Vilevile wakati wa kuondoka, konveta iliyoko kati ya injini na giaboksi hupitisha nguvu kwa njia ya oili, kwa hiyo mtelezo kidogo kati ya resi na mwendo hauepukiki.

Baada ya hapo kagua oili ya giaboksi, yaani ATF. Simamisha gari mahali tambarare likiwa limepata joto la kutosha, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote polepole, urudishe P, na usome kijiti injini ikiwa inaunguruma. Hiyo ndiyo kanuni kwa magari mengi ya Japani, ingawa wapo watengenezaji wanaotaka injini izimwe kwanza, basi fuata kitabu cha gari lako. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Oili iliyozeeka huwa nyekundu iliyofifia au ya hudhurungi, na hiyo peke yake si kosa. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembechembe ndiyo inayoonyesha kwamba klachi zimesagika.

Kipimo kinachoamua zaidi, na ambacho mafundi wengi wanakiacha, ni kile cha kuizuia injini kwa breki. Gari likiwa na joto lake, weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, weka D, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho na usome resi zinakogotea. Kwa magari madogo ya aina yako kiwango huwa baina ya 2,000 na 2,600, na namba kamili imo katika kitabu cha ufundi cha gari husika. Resi zikipita kiwango kwa mbali, giaboksi inateleza. Zikigotea chini yake kwa mamia, injini ndiyo haina nguvu, au, kwa nadra, konveta imeharibika ndani. Usizidishe sekunde 5, kwa kuwa nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya konveta. Ukimaliza weka N na uache injini iungurume dakika moja au mbili ipoe. Pasiwe na mtu wala ukuta mbele ya gari. Kama breki zako hazina uhakika au mauntini za injini (mipira inayoishikilia mahali pake) zimechoka, usifanye kabisa.

Tuletee majibu ya hayo, na utueleze pia resi zinapandaje ukiwa P: zinakwenda kwa wepesi, au zinafika mahali zinaanza kuwa nzito?


Dereva wa Mwanza:

Naongezea yale yanayochukua muda mfupi na hayana gharama, maana mara nyingine yanasahaulika kwa sababu ni madogo.

Baada ya safari bila kutumia breki sana, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania. Hakikisha kwa kulipiga jeki na kulizungusha kwa mkono. Gari linaloburuzwa na breki zake lenyewe halitavuta hata liwekewe injini mpya.

Kisha zima injini, mwombe mtu akanyage mafuta hadi mwisho, wewe ukiwa umefungua bomba la hewa unaangalia kile kibati cha throto kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Kama gari lako ni la waya, kibati lazima kifunguke kikamilifu. Waya uliolegea, au zulia nene lililosukumwa chini ya pedali, hukifanya kifunguke nusu tu. Kwa magari ambayo pedali yake ni ya umeme, kibati hakitafuata mguu namna hiyo injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo msomaji mwingine asije akahukumu vibaya. Huko inabidi kusoma asilimia ya ufunguzi kwenye mashine ya kupimia.


Mkazi wa Kimara:

Asanteni sana. Nimefanya kila mliloelekeza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mshale wa resi haukuruka. Nikikanyaga hadi mwisho gari linashuka gia, resi zinafika kama 3,000 na kubaki hapo, mwendo nao unabaki karibu na 60. Mishale inakwenda pamoja. ATF iko kwenye kiwango chake, rangi imefifia lakini haina harufu ya kuungua. Kwa kipimo cha breki resi ziligotea kama 1,600 na hazikusogea. Nikiwa P zinapanda kwa wepesi hadi 2,500 hivi, kuanzia hapo zinakuwa nzito, na nikishikilia mguu palepale kwa muda zinaanza kushuka zenyewe. Magurudumu hayana tofauti ya joto. Kibati cha throto kinafunguka chote.

Fundi mwenye mashine amesoma kodi mbili (namba za hitilafu) zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari: P0303 na P0420. Nimetambua pia kwamba sakafu upande wa miguu ya abiria wa mbele inakuwa ya moto kuliko zamani, na nikisimama kwenye foleni kuna harufu ya mayai viza.


Mwalimu wa Ufundi wa Magari:

Ndugu, giaboksi yako iache ipumzike. Resi 1,600 chini ya breki pamoja na mishale inayokwenda sambamba vinaonyesha kwamba injini ndiyo haitoi nguvu, na dalili ulizozitaja mwishoni zinaelekeza kwenye bomba la moshi, mahali palipo na masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi.

Nieleze kwanza kinachotokea, kwa sababu usipokielewa utabadilisha kipuri kizuri kikaharibika tena. Ndani ya masega kuna tofali la kauri lenye mamia ya vitundu vyembamba vilivyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kuigeuza monoksidi ya kaboni, mvuke wa petroli usioungua na oksidi za naitrojeni kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Kazi hiyo hufanyika kwa joto la mamia ya nyuzi, na tofali limetengenezwa kulihimili. Lakini silinda moja ikikosa kuwaka, kama P0303 inavyosema kuhusu silinda yako ya tatu, petroli yake hutoka mbichi pamoja na hewa yake na kwenda kuungua ndani ya masega. Joto hupanda kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, uso wa tofali huanza kuyeyuka, na vitundu huziba. Ndiyo maana taa ya injini humetameta badala ya kuwaka tu: katika magari mengi, kumetameta ni onyo mahususi kwamba silinda inakosa kuwaka kwa kiwango kinachoweza kuharibu masega, na dereva anatakiwa apunguze mwendo mara moja na kutafuta chanzo. Kuifuta kodi kwa mashine na kuendelea na safari huenda ndiko kulikoyachoma masega yako.

Njia ya moshi ikishaziba, moshi wa mzunguko uliopita hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa mpya, na injini huwa kama mtu anayetaka kuvuta pumzi kabla hajaitoa ile iliyomo kifuani. Sensa ya hewa inapima hewa kidogo, kompyuta inatoa petroli kidogo, nguvu inakwisha. Ukiwa P injini haina mzigo, inahitaji hewa kidogo na inatoa moshi kidogo, ndiyo maana resi zinapanda na mwenye gari anaamini injini ni nzima. Kule kushuka kwa resi zenyewe ukishikilia mguu ni moshi unaorundikana taratibu.

Hata hivyo usinunue masega kwa sababu ya P0420. Kodi hiyo inasema tu kwamba masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, haisemi kwamba yameziba, na yapo masega yaliyoziba kabisa bila kodi yoyote. Harufu ya mayai viza nayo ni gesi ya salfa iliyoko katika petroli. Inaonyesha kwamba masega yanafanya kazi katika hali mbaya lakini si ushahidi wa kuziba. Tunahitaji kipimo.

Kipimo rahisi ni geji ya ombwe, ambayo huunganishwa kwenye mpira mdogo unaotoka kwenye manifoldi ya hewa. Injini nzima ikiunguruma taratibu katika usawa wa bahari kama Dar es Salaam husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Pandisha resi hadi 2,500 na uzishikilie: mshale hushuka kidogo unapokanyaga, kisha lazima urudi karibu na ulipokuwa au juu zaidi. Kama badala ya kurudi unaendelea kushuka polepole, moshi hauna njia. Wasomaji walioko nyanda za juu wakumbuke kupunguza inchi moja hivi kwa kila mita 300 za mwinuko, la sivyo injini nzima ya Arusha au Mbeya itaonekana mgonjwa.

Hapo niseme neno kuhusu Kitonga, kwa sababu watu wengi hupimia magari yao mlimani. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500, kwa hiyo hata gari jipya hufika huko likiwa limepungukiwa kiasi cha asilimia 15. Mlima unaweza kuufichua ugonjwa, lakini hauwezi kuutaja.

Kipimo cha uhakika zaidi ni presha ya moshi wenyewe. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, injini ikiwa na uvuguvugu ili nyuzi za skrubu yake zisikwanguke, ufunge mahali pake geji ya presha ndogo. Katika mwunguruko wa chini presha isizidi psi 1.5, na katika resi 2,500 isizidi 3. Zaidi ya hapo kuna kizuizi, ama kwenye masega, ama kwenye sailensa iliyoporomoka ndani, ama kwenye bomba lililobonyezwa na jiwe. Mlio wa vipande vinavyocheza ukiligonga kasha la masega kwa nyundo ya mpira utakuambia zaidi. Asiye na geji anaweza kuacha tundu la sensa wazi na kwenda mwendo mfupi sana. Gari litapiga kelele, lakini kama nguvu inarudi ghafla, jibu limepatikana. Afanye hivyo mahali pa wazi, vioo vimefunguliwa, akihakikisha moshi huo wa moto hauelekei kwenye nyaya wala mipira ya petroli.

Na kama presha ya moshi ni ya kawaida, geuka upande wa petroli. Pampu iliyochoka au kichujio kilichoziba huleta dalili zinazofanana sana: resi bila mzigo ni nzuri, mlimani gari linakufa. Tofauti ni kwamba njaa ya petroli kwa kawaida huambatana na mikato na mishtuko, na mara nyingi kodi P0171 inayosema mchanganyiko una hewa nyingi. Injini nyingi za aina hii hutaka presha ya petroli kati ya bar 3 na 3.5, na ipimwe gari likiwa na mzigo, kwa kuwa pampu dhaifu husoma vizuri gari likiwa limesimama.


Mwana wa Mbeya:

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini mimi namshauri mwenye gari avunje hilo tofali la ndani na kulirudisha kasha likiwa tupu. Huku kwetu gereji nyingi zinafanya hivyo, gari linavuta siku hiyohiyo, na mtu anaokoa fedha nyingi.


Mwalimu wa Ufundi wa Magari:

Ndugu yangu, sikatai kwamba gari litavuta. Ninachopinga ni kwamba kazi hiyo inaondoa alama na kukiacha chanzo. Silinda ya tatu itaendelea kukosa kuwaka, petroli mbichi itaendelea kuosha oili kwenye kuta za silinda, na mwenye gari hatapata tena onyo la harufu wala la joto. Taa ya injini itabaki inawaka kwa sababu sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega itaona moshi usiosafishwa, na akiizoea taa hiyo, siku ikiwaka kwa jambo la hatari hataitazama.

Halafu tuwafikirie wanaovuta moshi huo. Foleni za Kimara na Ubungo zina waendesha bodaboda, wauza maji na watoto wa shule waliosimama futi chache kutoka kwenye mabomba yetu. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Gari lililotengenezwa likiwa na masega lirudishiwe masega, hata kama si ya kampuni iliyolitengeneza, ilimradi ukubwa wake unalingana na injini. Na mtu akikuomba umwachie yale ya zamani kama malipo ya kazi, ujue kwamba yana madini ya thamani na yana soko lake.


Fundi wa Otomatiki, Arusha:

Naunga mkono, na ninaongeza namna ya kukipata chanzo bila kununua chochote. P0303 ni silinda namba 3. Kama kila silinda ina koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme) juu ya plagi, hamisha koili ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, na ile ya 1 uilete 3, kisha futa kodi na uliendeshe hadi taa irudi. Kodi ikigeuka P0301, ugonjwa umehama pamoja na koili. Ikibaki P0303, fanya vivyo hivyo kwa plagi, na mwisho angalia nozeli inayopulizia petroli na mgandamizo wa silinda. Kwa kuwa plagi zilibadilishwa, zifungue uhakikishe kwamba zote ni za aina moja na pengo lake ni lile lililoandikwa kitabuni.


Mkazi wa Kimara:

Wakuu, nimerudi na majibu. Geji ilisoma psi 2 katika mwunguruko wa chini, na katika resi 2,500 ilivuka 6 na kuendelea kupanda mpaka fundi akaachia mguu. Tulipobadilishana koili, kodi ilihamia silinda ya 1, hivyo koili ndiyo mbovu: kwenye mpira wake kuna mstari mweupe mwembamba ambapo umeme ulikuwa ukitorokea. Masega yalipofunguliwa, uso wa mbele wa tofali ulikuwa umeyeyuka na kung'aa kama kioo katikati, na vitundu vilivyobaki wazi ni vya pembeni tu.

Nimeweka koili mpya kwanza, tukahakikisha hakuna silinda inayokosa kuwaka, ndipo tukafunga masega mengine. Kipimo cha breki sasa kinafika resi 2,300, na gari linavuta. Giaboksi haijaguswa.


Mama Njeri, Nairobi:

Habari zenu. Nimefuatilia mazungumzo haya kwa makini kwa sababu gari langu lina dalili ile nyingine, ya mshale kukimbia. Ni la CVT. Nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, resi zinafika 4,000 na zaidi, gari linabaki kwa kilomita 40 kwa saa, na baadaye linakataa hata nikikanyaga. Nikilipumzisha kando ya barabara linarudi kuwa sawa kwa muda. Je, nifanye vipimo hivihivi?


Fundi wa Otomatiki, Arusha:

Mama, kipimo cha kuizuia injini kwa breki usikifanye kwenye CVT isipokuwa kitabu cha gari hilo kimeruhusu. CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na kinachouzuia mkanda usiteleze ni presha ya oili inayozibana puli hizo. Mkanda ukiteleza hata kidogo chini ya nguvu kubwa, unakwangua uso wa puli, na mkwaruzo huo haufutiki.

Kwanza tutofautishe tabia na ugonjwa. CVT nzima ikikanyagwa kwa nguvu hupandisha resi mapema na kuzishikilia huku mwendo ukifuata nyuma, kwa hiyo mshale kutangulia si hoja. Hoja ni resi kupanda na kushuka zenyewe mguu ukiwa haujasogea, au resi kuongezeka huku mwendo ukipungua, au gari kutetemeka wakati wa kuvuta. Maelezo yako ya kukataa baada ya mlima mrefu na kurudi baada ya kupumzika yanafanana sana na joto la oili: kompyuta ikiona oili imezidi joto, inapunguza nguvu kwa makusudi ili kuiokoa giaboksi. Mwambie fundi asome kwa mashine joto la oili na kodi za upande wa giaboksi peke yake, kwani mashine nyingi za bei ndogo husoma injini tu na kutangaza kwamba hakuna tatizo.

Pili, chunguza ni oili gani iliyomo. CVT haikubali ATF ya kawaida, hata kama rangi zinafanana, kwa sababu msuguano kati ya mkanda na puli unategemea aina ya oili. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana TC na FE, Honda walikuwa na HMMF kisha wakaja na HCF-2, na ipi inafaa kwa gari lako imeandikwa kitabuni. Kama hujui iliyowekwa mara ya mwisho, ichukulie kuwa si sahihi na uibadilishe yote. CVT nyingi hazina kijiti cha mwenye gari kusomea, hivyo kiwango hupimwa kwa utaratibu wa mtengenezaji, oili ikiwa katika joto maalumu, na siyo kwa kukisia kile kilichomwagika.

Wakati sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) imeshushwa, simama hapo na utazame sumaku zilizoko ndani yake kabla hazijafutwa. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vibanzi vya chuma vinavyong'aa au vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni mkanda au puli, na hapo kubadilisha oili hakutasaidia. Acha kuliendesha, kwa sababu vyuma hivyo vinazunguka na oili hadi kwenye valvu. Ikilazimu kuweka giaboksi nyingine, dai kipooza oili na mabomba yake yasafishwe au kibadilishwe kabisa kabla ya kuifunga, maana mabaki ya chuma yaliyolala humo ndiyo yatakayokuwa ya kwanza kuingia kwenye giaboksi hiyo injini itakapowashwa.